Jinsi ya Kuchambua Video ya Muziki wa Roki: Kisa, Kamera na Mikato, Hatua kwa Hatua

Uchambuzi mwingi wa video za muziki hukwama mahali palepale: mchambuzi anasimulia maneno ya wimbo, kisha anayabandika juu ya picha. Mwimbaji kataja mvua, kwenye video kuna maji, basi maji ni huzuni. Hapo wimbo umefafanuliwa, video haijaguswa. Mwongozo huu unashikilia swali moja tangu mwanzo: picha inaongeza, inaficha au inapindua nini ambacho sikio peke yake lisingekipata? Hatua zote zinazofuata ni namna za kukusanya ushahidi wa kulijibu, ndiyo maana tafsiri inakuja mwishoni kabisa.

Tenga saa 4 hadi 6 kwa video ya dakika 4. Zaidi ya nusu ya muda huo itamezwa na jedwali la shoti, yaani vipande vya picha vinavyotenganishwa na mikato (mahali picha moja inapobadilishwa na nyingine), na ndivyo inavyotakiwa. Ukijikuta umemaliza kwa saa moja, kuna ulichokiruka.

## Kwanza, nakala iliyo sahihi

Wimbo mmoja unaweza kuwa na video rasmi, video ya jukwaani, video ya maneno tu, toleo lililofupishwa kwa ajili ya televisheni na toleo lililokatwa vipande vilivyoonekana vikali mno. Amua unachambua lipi na uandike urefu wake kwa dakika na sekunde juu ya karatasi. Watu wawili wakibishana kuhusu "ile shoti ya mwisho", mara nyingi wametazama matoleo mawili tofauti.

Video za kabla ya miaka ya 2000 zina mtego wa ziada. Nyingi zilitengenezwa kwa umbo la 4:3, yaani karibu na mraba. Zinapotolewa upya kwa umbo la 16:9, baadhi hukatwa juu na chini ili zijaze skrini pana, na ukataji huo unaondoa robo nzima ya urefu wa picha. Dalili zake ni vichwa vilivyokatwa kwenye paji la uso, vidole vya mpiga gitaa vinavyotoka nje ya fremu, na maandishi yaliyobanwa ukingoni. Ukichambua upangaji wa picha kwenye nakala kama hiyo, unamchambua aliyeikata, si mwongozaji. Tafuta ya 4:3.

Tazama kwa ubora wa juu unaopatikana. Video za roki hupenda giza, moshi na taa za kumweka, na hivyo ndivyo vitu vinavyoharibika kwanza faili inapobanwa. Ukiona vibokisi vidogo ndani ya moshi, usiandike kwamba mwongozaji alitaka picha chakavu.

Vifaa ni vichache. Kwenye YouTube, simamisha video kisha bonyeza kitufe cha nukta (.) kusogea fremu moja mbele, yaani picha moja tuli kati ya zile zinazounda video, na kitufe cha koma (,) kurudi fremu moja nyuma. J na L hukurudisha au kukupeleka sekunde 10. Kwenye VLC, herufi E husogeza fremu moja moja. Tumia spika za masikioni za waya. Zile za Bluetooth huweza kuchelewesha sauti kidogo, na ucheleweshaji huo unatosha kukudanganya kama mkato umeangukia mpigo wa ngoma au umeupita.

## Hatua ya 1: Tazama mara nne, kila mara kwa njia yake

Mara ya kwanza tazama moja kwa moja bila kalamu. Ikiisha, andika vitu vitatu vilivyobaki kichwani. Orodha hiyo fupi ina thamani, kwa sababu hutaweza tena kuwa mtazamaji mgeni wa video hii.

Mara ya pili funga macho au geuza skrini, sikiliza wimbo tu.

Mara ya tatu zima sauti kabisa. Wengi huiruka, nasi tunaiona kuwa yenye faida kuliko zote nne. Muziki ni gundi: unaunganisha shoti mbili zisizohusiana, nasi tunaamini zina uhusiano kwa sababu mdundo haukukatika. Gundi ikiondolewa, matundu ya kisa yanaonekana, kama vile mhusika aliyehama mahali bila sababu, au bendi inayorudi kila baada ya shoti tatu bila kusukuma chochote mbele. Utaona pia jambo lililo la kawaida kabisa kwenye roki, nalo ni gitaa la umeme lisilo na waya. Video nyingi za roki hutaka kutuaminisha kwamba hawa wanapiga kweli, ilhali wanaigiza juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa. Andika kama video inaficha uigizaji huo au inauweka wazi.

Mara ya nne washa sauti, na sasa shika kalamu.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya wimbo

Gawa wimbo katika sehemu zake pamoja na saa ya kuanzia kila moja: utangulizi, ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio, daraja (sehemu tofauti inayotangulia kiitikio cha mwisho) au solo ya gitaa, kiitikio cha mwisho, kufunga. Weka alama mahali drams (seti ya ngoma) zinapoingia, mahali gitaa linapotoka sauti safi kwenda sauti ya mkwaruzo, na mahali kila kitu kinaponyamaza. Roki inajengwa sana juu ya tofauti ya upole na kishindo, na kila badiliko la namna hiyo ni mahali ambapo mwongozaji alilazimika kuchagua la kufanya.

Pima kasi. Hesabu mipigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata mipigo 120 kwa dakika, mpigo mmoja ni nusu sekunde, mzunguko wa mipigo minne ni sekunde 2, na mizunguko minane ni sekunde 16. Kwenye picha ya fremu 24 kwa sekunde, mpigo huo mmoja una fremu 12. Namba hizi utazihitaji kwenye hatua ya mikato.

Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu nusu au mara mbili. Ukipata 70 na mwenzako 140, huenda nyote mko sawa. Mmesikia mpigo mahali tofauti. Kwa kawaida kwenye roki ngoma kubwa ya mguu hupiga mpigo wa 1 na wa 3, na snea, ile ngoma yenye mlio mkavu, hupiga wa 2 na wa 4. Hesabu kwa kuzingatia hilo na usibadili katikati.

## Hatua ya 3: Jedwali la shoti

Shoti ni kipande cha picha kati ya mkato mmoja na mwingine. Fungua lahajedwali, kila shoti iwe na mstari wake, na safu hizi: namba, saa ya kuanzia, urefu kwa sekunde, ukubwa wa picha, pembe ya kamera, mwendo wa kamera, nani au nini kinaonekana, mahali, mwanga na rangi, sehemu ya wimbo, aina ya mkato unaoifunga.

Mstari mmoja husomeka hivi: *14; 0:41.5, sekunde 1.5, karibu, kutoka chini, kamera ya mkononi, mpiga besi, mikono tu, ghala, mwanga wa nyuma, buluu, ubeti wa 1, mkato mkavu juu ya snea.* Usiandike "shoti ya kutisha" au "shoti ya huzuni". Jedwali linabeba kinachoonekana. Hisia zina mahali pake baadaye.

Video moja inaweza kuwa na shoti 60, nyingine ikapita 200. Ikiwa ni nyingi mno, rekodi saa za mikato yote lakini ujaze safu zote kwa sehemu tatu tu: sekunde 30 za mwanzo, kiitikio kimoja, na kuanzia daraja hadi mwisho. Hizo ndizo sehemu ambazo video hutangaza kanuni zake, huzitumia kwa nguvu zote, na huzivunja.

Kisha piga hesabu: urefu wa sehemu gawanya kwa idadi ya shoti. Ubeti wa sekunde 32 wenye shoti 8 una wastani wa sekunde 4 kwa shoti. Kiitikio cha sekunde 24 chenye shoti 20 kina sekunde 1.2. Wastani wa video nzima hausemi mengi, kwa sababu unachanganya ubeti uliotulia na kiitikio chenye vurugu ukaishia namba isiyofanana na sehemu yoyote. Fanya kwa kila sehemu. Shoti moja ndefu ya sekunde 20 nayo hupotosha wastani, hivyo andika pia urefu wa shoti iliyo katikati ukizipanga kutoka fupi hadi ndefu.

Mambo matatu huwasumbua wanaoanza. Picha moja ikiyeyuka ndani ya nyingine, hesabu mkato kwenye nusu ya kuyeyuka. Skrini ikigawanywa vipande, ni shoti moja yenye maelezo, isipokuwa vipande vinakatwa kila kimoja kwa wakati wake. Na mmweko wa fremu moja au mbili ni shoti kamili. Usiudharau kwa sababu ya ufupi, maana mtu alikaa akauweka pale.

Kuna video ambazo hesabu hii haina kazi. "Here It Goes Again" ya OK Go (2006) ni shoti moja tu ya wanabendi wanne wakicheza juu ya mashine 8 za kukimbilia, kamera imesimama pale pale. Kwa video ya aina hiyo badili jedwali: kila mstari uwe badiliko la mpangilio wa watu ndani ya fremu, na upime umbali kati ya mabadiliko.

## Hatua ya 4: Tenganisha nyuzi

Karibu kila video ya roki imesukwa kwa nyuzi tatu. Kuna onyesho, yaani bendi ikipiga. Kuna kisa, yaani wahusika wenye jambo linaloendelea. Na kuna dhana, yaani wazo la picha linalojitegemea lisilosimulia chochote. "Seven Nation Army" ya The White Stripes (2003) ni mfano wa dhana iliyomeza onyesho: wanamuziki wawili wamo ndani ya pembetatu zinazoendelea kuja mbele, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na hakuna kisa cha kutafuta. Ukilazimisha kisa pale utaandika uongo.

Paka kila mstari wa jedwali rangi kulingana na uzi wake, kisha hesabu sekunde za kila uzi. Tuseme onyesho lina asilimia 60, kisa 40. Hapo uliza bendi iko wapi ukilinganisha na kisa. Kuna uwezekano wa namna nne: bendi ipo mahali pengine kabisa, ipo mahali pamoja na kisa bila wahusika kuiona, inakishuhudia kisa, au imo ndani yake. Tafuta sekunde ambayo uhusiano huo unabadilika. Mara nyingi huwa kwenye daraja au mwishoni, na mara nyingi ndiyo sekunde muhimu kuliko zote.

"Just" ya Radiohead (1995), iliyoongozwa na Jamie Thraves, inafaa kwa mazoezi. Mtu wa makamo aliyevaa suti anajilaza kwenye lami ya kando ya barabara. Anayepita anamkwaa, watu wanakusanyika, wanamhoji, na mazungumzo yao tunayasoma kwa maandishi ya chini kwa sababu sauti imeshikwa na wimbo. Juu, ndani ya chumba chenye dirisha linalotazama barabara, bendi inapiga. Kwa muda mrefu nyuzi hizi mbili zinaonekana kama za sehemu mbili, kisha wanabendi wanasogea dirishani na kutazama chini. Mtu yule anakubali kusema kwa nini amelala pale, midomo inacheza, na maandishi yanakoma. Tunachokiona baada ya hapo ni umati mzima umelala chini.

Angalia jinsi kifaa kimoja kilivyofanya kazi yote. Maandishi yametuzoeza kujua kila neno, hivyo yanapoondolewa ndipo tunapohisi kufungiwa nje. Lau mazungumzo yangekuwa hayasomeki tangu mwanzo, ukimya wa mwisho usingeuma. Kanuni ya kuandika kwenye daftari ni hii: video hujenga mazoea kwanza, ndipo iyavunje. Usiripoti kuvunjika bila kuonyesha mazoea yalijengwa vipi, kwa shoti ngapi, kuanzia sekunde ipi.

## Hatua ya 5: Kisa chenyewe

Jibu kwa sentensi moja moja. Nani anataka nini? Kinachomzuia ni nini? Kimebadilika nini kati ya shoti yake ya kwanza na ya mwisho? Ukishindwa kujibu la tatu, huenda si kisa, ni hali tu, na hilo nalo ni jibu halali.

Panga matukio mara mbili: kwa mfuatano yanavyoonyeshwa, na kwa mfuatano ambao yangetokea. Pengo kati ya orodha hizo mbili ndilo usimulizi. "The Scientist" ya Coldplay (2002), nayo ya Thraves, inakwenda kinyumenyume kuanzia mwisho hadi mwanzo. Mwimbaji wa bendi hiyo, Chris Martin, ilimbidi ajifunze kutamka maneno ya wimbo kinyume ili midomo ilingane picha ilipogeuzwa. Matokeo yake ni kwamba ajali ya gari, ambayo ni chanzo cha yote, tunaipata mwishoni. Tulichokuwa tukikiona kama mtu anayetangatanga kinageuka kuwa mtu anayeiacha ajali nyuma yake. Hapa hila ya kamera na kisa ni kitu kimoja. Huwezi kuvichambua katika aya mbili tofauti.

Dakika 4 hazitoshi kumkuza mhusika, kwa hiyo waongozaji hutegemea mahali na mavazi ambayo mtazamaji anayajua tayari. "Smells Like Teen Spirit" ya Nirvana (1991), iliyoongozwa na Samuel Bayer, inatumia ukumbi wa michezo wa shule ya Marekani, wasichana wa kushangilia timu, wanafunzi kwenye ngazi za kukalia na msafishaji mwenye ufagio. Mtazamaji anaijua hafla ile na adabu yake, basi mwongozaji hana haja ya kueleza. Kazi yake yote ni kuipotosha. Nguo za washangiliaji ni nyeusi zenye alama ya uasi, msafishaji anacheza na ufagio wake, na walioketi wanaishia kuvamia sakafu. Unapokutana na mahali panapojulikana hivyo, tengeneza safu mbili: kinachotarajiwa pale, na kinachoonekana.

## Hatua ya 6: Kamera

Ukubwa wa picha kwanza: mbali, kati, karibu, karibu sana. Hesabu uwiano wake kwa kila mhusika. Mwimbaji akiwa na picha 22 za karibu na mpiga drams akawa na 2, video imeshasema bendi hii ni ya nani.

Pembe ni rahisi kuitambua na rahisi kuitafsiri vibaya. Kamera iliyo chini humfanya mtu aonekane mkubwa, lakini kwenye roki karibu kila mpiga gitaa hupigwa kutoka chini, kwa kuwa ndivyo mtazamaji wa mbele ya jukwaa anavyomwona. Kwa hiyo pembe ya chini peke yake haithibitishi "nguvu". Inaanza kusema kitu pale mhusika aliyekuwa akipigwa kutoka juu anapogeuziwa kutoka chini.

Kutofautisha kamera kusogea na lenzi kuvutwa, tazama vitu vya mbele na vya nyuma. Kamera ikisogea kweli, vitu vya karibu hupita haraka kuliko vya mbali na vilivyofichika nyuma yake hujitokeza. Lenzi ikivutwa, kila kitu hukua pamoja kama picha bapa inayopanuliwa. Kamera ikizunguka kichwa chake tu, kushoto kwenda kulia au juu kwenda chini, mpangilio wa vitu haubadiliki.

Lenzi pana, tuseme chini ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili, huvuta pua mbele na kurefusha mikono inayoelekezwa kwake. Lenzi ndefu, kuanzia milimita 85 kwenda juu, hubana umbali hadi umati wa nyuma ukaonekana umemgusa mwimbaji. Huhitaji kujua namba halisi. Angalia kama uso umevutwa au umebapishwa.

Mwendo wa pole una siri yake. Mara nyingi utaona mwimbaji ambaye midomo yake inalingana na wimbo kabisa, lakini nywele, moshi na matone ya maji yanaelea. Wimbo ulichezwa kwa kasi maradufu wakati wa kupiga picha, mwimbaji akaufuata kwa kasi hiyo, na kamera ikanasa fremu 48 kwa sekunde. Picha ikichezwa kwa fremu 24, midomo inarudi kwenye kasi ya wimbo na dunia yote inabaki nyuma. Mtazamaji huhisi kwamba mtu huyu yuko kwenye wakati wake mwenyewe, hata asipojua sababu. Andika ni nani aliyepewa hila hiyo na ni nani hakupewa.

Mwendo wa kukatikakatika ni kinyume chake. Kwa fremu 24, kila fremu hupokea mwanga kwa takriban sehemu 1 ya 48 ya sekunde, na mwendo hupata ukungu unaouzoea. Wakifupisha hadi karibu 1 ya 200, ukungu unatoweka na kila tone la jasho linaonekana limechongwa. Simamisha video katikati ya pigo la drams: fimbo ikiwa na ncha kali badala ya kivuli cha mwendo, wamefanya hivyo.

## Hatua ya 7: Mwanga na rangi

Tafuta chanzo cha mwanga kwa kutazama mng'ao ndani ya mboni za macho na upande ambao kivuli cha pua kinaangukia. Mwanga wa nyuma pamoja na moshi ni lugha ya jukwaa la roki: unachora umbo la mtu na kumnyima uso. Uliza uso unapatikana lini.

Kwa rangi, chukua picha ya skrini kila baada ya sekunde 20. Video ya dakika 4 itakupa 12. Zipange kwenye gridi, kisha zipunguze hadi usione tena sura za watu. Kinachobaki ni mwendo wa rangi wa video nzima. Rangi ikigeuka, linganisha saa yake na ramani ya wimbo. Ikiwa haigeuki kabisa, taja hivyo kwa mstari mmoja na uendelee.

Kuhusu ishara, jiwekee sharti. Kitu kiitwe ishara ikiwa kimerudi angalau mara tatu, au kimebadilika umbo au mahali, au kimewekwa kwenye mlango wa sehemu ya wimbo. Kiti kilichoonekana mara moja ni kiti. Kumbuka pia kwamba baadhi ya sura zilitokana na muda na fedha. Video ya "Bohemian Rhapsody" ya Queen (1975) ilipigwa kwa takriban saa 4 tu, na zile nyuso zilizozidishwa zilitengenezwa mbele ya lenzi kwa kioo chenye pande nyingi. Ila shoti yake ya nyuso nne gizani inarudia makusudi jalada la albamu ya bendi hiyo ya mwaka 1974. Kimoja ni ufumbuzi wa haraka, kingine ni rejeo. Mchambuzi anatakiwa avitenganishe.

## Hatua ya 8: Mikato na mdundo

Chukua kiitikio kimoja, sogea fremu kwa fremu, na kwa kila mkato andika kama umeangukia ngoma kubwa, snea, mwanzo wa sentensi ya mwimbaji, au popote tu. Mkato unaotangulia mpigo kwa fremu 1 au 2 uhesabu kuwa juu ya mpigo. Wahariri hufanya hivyo kwa makusudi ili jicho liwe limeshafika sauti inapogonga.

Mikato yote ikiwa juu ya snea, picha inakuwa ala ya ziada ndani ya bendi. Inasisimua kwa kiitikio kimoja na kuchosha kwa vitatu, na mhariri mzuri analijua hilo. Kwa hiyo tafuta mahali mikato inapokataa kufuata: shoti inayoshikiliwa kwa sekunde 9 huku drams zikishambulia, au vurugu ya mikato wakati wimbo umenyamaza. Kutolingana huko kuna maana zaidi ya kulingana kwote.

Angalia pia mwendo ndani ya shoti. Kichwa kinachotikiswa au mlango unaofungwa juu ya mpigo hufanya kazi ya mkato bila mkato. Ukihesabu mikato pekee, sehemu kama hiyo itaonekana tulivu kwenye jedwali ilhali kwenye skrini inachemka.

## Hatua ya 9: Sasa tafsiri

Mwaka 1992 Andrew Goodwin, mtafiti wa video za muziki, alipendekeza namna tatu ambazo picha huhusiana na wimbo, nazo bado zinatumika: picha inaonyesha kile wimbo unachosema; picha inakikuza na kukiongezea maana; au picha inaachana nacho. Usiipachike video nzima jina moja. Fanya kwa kila sehemu, maana video nyingi huanza kwa kuonyesha na kuishia mbali.

Hapa ndipo orodha ya vitu vitatu kutoka hatua ya 1 inaporudi. Kwa kila kimoja tafuta kwenye jedwali sababu ya kukikumbuka. Je, kilikuwa shoti ndefu kuliko jirani zake? Kilikuwa rangi pekee ya aina yake? Kiliangukia ukimya? Ukipata sababu mbili zinazokutana kwenye sekunde moja, umepata aya yako ya kwanza.

## Hatua ya 10: Andika

Kwa uchambuzi wa maneno 1,500 chagua nyakati tatu, si kumi. Kila aya ibebe dai, saa, kinachoonekana, kinachosikika, na matokeo ya vyote viwili kukutana. Linganisha:

Dhaifu: "Kiitikio kina mikato mingi inayoonyesha hasira ya mhusika."

Imara: "Kwenye ubeti (0:18–0:50) shoti 8 za mbali zinamwacha mhusika mdogo ndani ya ghala. Kiitikio kinapoingia, shoti 20 zinapita kwa sekunde 24, zote za bendi. Yeye hayumo hata kwenye moja. Gitaa linapiga kelele ambayo mwenye hasira hakuruhusiwa kuionyesha."

Ya pili inaweza kupingwa, na hiyo ndiyo nguvu yake: msomaji anaweza kwenda 0:50 akahesabu mwenyewe. Epuka maneno "inaashiria" na "inawakilisha" zaidi ya mara mbili kwa uchambuzi mzima. Yakizidi, jedwali limeanza kuachwa nyuma. Mtaje mwongozaji kwa uamuzi wa picha na mhariri kwa uamuzi wa mikato pale majina yao yanapojulikana, badala ya kusema "bendi iliamua".

Ukimaliza, mpe rafiki ambaye hajaiona video asome aya zako, kisha mwonyeshe video hiyo bila sauti. Mwambie asimamishe pale anapodhani umepaeleza. Akikosea sekunde, maelezo yako ya picha ni mepesi. Rudi kwenye mstari huo wa jedwali ujaze safu ulizoziacha wazi.